Chumvi ya Kupeleka Ziwani

Jumapili, 4 Julai 1976

Daftari hili ni la marehemu Muhidini. Kurasa saba za mwanzo ni mwandiko wake. Mimi, mkewe Mwaisha, naanzia ya nane. Akisoma mtu, shauri yake.

Leo nimezisoma tena zile saba. SAFARI YA MBAMBA BAY, ameandika juu kwa herufi kubwa, akapiga mistari miwili kwa rula. Karani wa bandari mpaka kwenye mapumziko! Masasi, Tunduru, Songea, Mbinga, halafu unateremka mpaka Ziwa Nyasa. Siku saba za kukaa. Siku ya kwanza: kulala. Ya pili: kuona mawe makubwa ya pwani ya ziwa. Ya tatu: kumsikiliza ndege furukombe asubuhi. Ya nne ameandika "hakuna kitu", na hiyo nayo kaipigia mstari.

Miaka tisa ya ndoa tulikuwa tunaipanga. Mwaka huu meli nyingi, mwaka ule homa, mwaka mwingine likizo imekatwa. Alisema amechoka na bandari ya makelele, anataka kuona bandari ya kijiji, meli moja kwa wiki, na maji ambayo ukinawa uso hayakuwashi macho. Alhamisi kichwa kikamuuma. Ijumaa, tarehe mbili Aprili, tukamzika.

Sasa nimo edani. Miezi minne na siku kumi ndani ya kota hii ya bandari, Ufukoni, Mtwara — nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kutoka, hakuna kuonana na mwanamume asiye maharimu. Mama mdogo Somoe ndiye anayenikalia. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, natoka tarehe 12 Agosti. Nimeizungushia wino mwekundu.

Tarehe 15 ofisi inataka kota yake.

Jumatano, 7 Julai 1976

Saba Saba. Ngoma tangu asubuhi. Nimechambua mchele uleule mara mbili.

Jumamosi, 10 Julai 1976

Mjomba Athumani kaja kutoka Madimba na muhogo nusu gunia. Yeye ni mjomba wangu wa damu, anaingia mpaka ndani. Kasema siku hizi wamepangwa barabarani, nyumba kwa nyumba, kijiji cha ujamaa, na chumba changu kipo. Tarehe 12 ikifika atakuja kunichukua. Nikasema ahsante. Ningesema nini?

Kisha akakohoa. Mjomba akikohoa ujue neno limemkaa kooni. Kasema kuna mtu mzima kijijini, Salumu, mkewe alifariki, mikorosho yake ni mia mbili na zaidi. "Mimi sisemi kitu, mama. Mwanamke wa eda haposwi. Nasema tu kwamba yupo."

Yupo! Na mimi nipo. Muhidini ndiye hayupo. Baada ya mjomba kuondoka nimelia mpaka mama mdogo akaacha kunibembeleza, akaenda kumenya muhogo.

Jumanne, 20 Julai 1976

Leo hodi ya Kasiani. Huyu ni dereva wa lori, rafiki wa Muhidini wa pale bandarini, mtu wa Mbamba Bay hasa. Ndiye aliyemtia mwenzangu ugonjwa wa ziwa. Alikaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia, mama mdogo katikati mlangoni. Kasiani anasema, "Mwambie shemeji pole." Mama mdogo ananigeukia, "Anasema pole." Nimesikia! Tuko hatua nne!

Lakini neno lenyewe ni hili. Katikati ya Agosti anapeleka saruji Songea, kisha anashuka kwao likizo. Ndani ya lori kuna nafasi ya watu wawili. Marehemu alimwomba nafasi hiyo tangu Februari, na yeye hajampa mtu mwingine. Mkewe, Magreth, anafundisha kisomo cha watu wazima huko, wanawake thelathini, yuko peke yake, anatafuta hata mtu wa darasa la saba wa kumsaidia.

Mimi nina darasa la nane.

Mama mdogo kakubali kunisindikiza siku saba. Mjomba tutamwambia tukirudi. Sasa naandika lile ambalo hata mama mdogo sijamwambia: siku saba za Muhidini nitazikaa zote. Ya nane sipandi gari.

Ijumaa, 23 Julai 1976

Mama mdogo haamini habari za ziwa. Maji mpaka macho yanachoka, na hayana chumvi? "Basi watu wa huko wanakulaje?" Tangu jana anakusanya chumvi. Ameshapata kikapu kizima, kakitandika majani ya mgomba. Nimemwambia duka lipo. Kasema mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Selemani, alisumbua kidogo kuandika barua ya safari. Mama mdogo alimwambia tunakwenda kutazama ziwa na ndege. Balozi kauliza, ndege wa Mtwara wana kasoro gani? Mwishowe kaandika "kumtembelea mgonjwa". Mgonjwa ni mimi, nadhani. Tarehe ya kuondoka: 12 Agosti.

Jumatano, 28 Julai 1976

Mwezi umeandama. Mama mdogo kaingia kutoka uani na uzi wake wa katani, akafunga fundo la nne. Sikujua kwamba ana uzi! Kumbe tangu mazishi, kila mwezi ukiandama anafunga fundo. Kasema kwa uzi wake eda yangu inaisha mapema kuliko ile duara yangu nyekundu.

Nikacheka. Cheko la kwanza tangu Aprili, na nimelitumia vibaya. Nikamvuta mpaka ukutani, nikamwonyesha kwa kidole: Aprili, Mei, Juni, Julai, mpaka pili Agosti, ongeza kumi. Uzi hauna tarehe, mama mdogo. Ndiyo maana serikali inawafundisha kusoma.

Akaitazama kalenda muda mrefu. "Haya. Wewe ndiye msomi." Akakaa kitako, akayafungua mafundo yote manne, uzi akafungia kikapu cha chumvi.

Alhamisi, 5 Agosti 1976

Balaa. Kasiani kaja mbio, hata chai hakunywa. Wamembadilishia. Lori linaondoka Jumanne alfajiri, tarehe kumi.

Nikasema mimi mwenyewe, bila kumpitishia mama mdogo: shemeji, ngoja siku mbili. Siku mbili tu! Kasema gari si la baba yake. Kasema pia, polepole, kwamba lori jingine la kwenda huko halijui, labda mwakani, na mvua zikianza barabara ya Tunduru haipitiki.

Mama mdogo alifungua kinywa, akakifunga. Nikamuuliza, nini? Akasema, hakuna, mimi sijui kusoma.

Jumapili, 8 Agosti 1976

Nimeivunja eda kichwani mara mia. Najifunga kanga usoni Jumanne alfajiri, nani ataniona? Kota nzima itaniona. Watasema Mwaisha hata siku mbili alishindwa kumtunzia mumewe. Watasema alikuwa na dereva tangu zamani. Na mimi nitakaa pale ziwani, nimsikilize furukombe wa Muhidini, nikijua kwamba nimemwibia siku mbili. Hapana. Alinisubiri miaka miwili nimalize shule, watu wakimcheka.

Nimemwambia mama mdogo ampelekee Kasiani jibu. Aende salama. Amsalimie Magreth.

Nachukia kila kitu humu ndani.

Jumanne, 10 Agosti 1976

Lilipita. Alipiga honi mara moja tu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi msibani. Nilikuwa nimekaa kitandani nimevaa viatu. Sijui nilivivaa saa ngapi.

Jumatano, 11 Agosti 1976

Niandike hivyo hivyo.

Asubuhi kaja Mwalimu Mwanahawa wa madrasa, ndiye atakayeniogesha kesho maji ya kutokea edani. Kaja na ubani na udi wake, mtu wa taratibu, hana haraka. Akauliza marehemu alifariki lini. Nikasema tarehe mbili Aprili. Akasema, "Aprili sikukuuliza. Mwezi gani?"

Nikageukia kalenda. Mama mdogo akajibu kutoka jikoni: Mfungo Saba, siku ya pili tangu mwezi uandame.

Mwalimu akahesabu kwa vidole. Mfungo Saba, Mfungo Nane, Mfungo Tisa, Rajabu. Minne hiyo. Shaabani siku kumi, inakupeleka kumi na mbili Shaabani. Akahesabu tena. "Leo kumi na nne. Mwanangu, wewe umeshatoka tangu juzi, Jumatatu. Eda haihesabiwi kwa kalenda ya ofisi. Ni kwa mwezi wa mbinguni, na wa mbinguni ni mfupi."

Jumatatu. Lori limeondoka Jumanne.

Sikupiga kelele. Nilikwenda ukutani nikaichana kalenda, Agosti yote, na Septemba ikaja nayo. Mwalimu alidhani nalia kwa dhambi, akaniambia hakuna dhambi, kukaa zaidi ni heshima tu kwa mumeo. Heshima! Nilijifungia mwenyewe mlango ambao Mungu alikuwa ameshaufungua. Kwa darasa langu la nane. Na yule asiyejua kusoma alikuwa na jibu mkononi, nikamcheka mpaka akalifungua fundo kwa fundo.

Mama mdogo hajanilaumu hata kidogo. Afadhali angenipiga. Amekaa jikoni, kikapu mbele yake, anasema kosa ni lake, angeng'ang'ana. Nimemwambia mama mdogo, nyamaza, nakuomba. Nimeshindwa hata kusema nisamehe.

Nimeogeshwa leo leo. Nimefukizwa udi. Nanukia kama bibi harusi, najichukia.

Alhamisi, 12 Agosti 1976

Tarehe yangu nyekundu. Nimeiokota sakafuni, ipo hapa ndani ya daftari.

Mjomba Athumani amefika tangu saa moja na nusu, ana rukwama ya kuazima ya kupakia vyombo na shati lililopigwa pasi. Habari zilimfikia jana hiyohiyo. Anasema kwa furaha kabisa kwamba kumbe eda iliisha tangu Jumatatu, tumechelewa bure, na Salumu ameshaleta barua yake ya posa — halali sasa, hakuna wa kusema neno. Amekaa barazani, palepale alipokaa Kasiani. Kitanda kimeshatoka. Meza imeshatoka. Naandikia gotini.

Kasiani atakuwa Tunduru sasa. Au ameshaipita. Nafasi mbili tupu ubavuni mwake.

Mjomba ameita mara mbili. Nimemtuma mama mdogo akamwambie kwamba kwa kalenda yangu siku ya leo bado haijaisha, nangoja magharibi. Nimemsikia akilisema vizuri, bila kusita, neno kwa neno: "Kwa kalenda bado." Mjomba kacheka. Kasema kalenda gani tena, mama? Lakini amekaa.

Mama mdogo amerudi ndani. Kikapu ameshakiinua mpaka kiunoni, kizito, uzi wa katani unamkata vidole. Ananiuliza chumvi hii tuitie kwenye rukwama, au tuifanyeje. Madimba chumvi ipo tele. Anasimama ananitazama mimi, msomi, anangoja nimwambie. Mjomba anakohoa —