Nyumba Ile Kuna Mtu?

Kijiji kipya cha barabarani, karibu na Igawa
Mwisho wa kiangazi, 1974

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Ugonile? Goti lako linaendeleaje, lile la kushoto linaloijua mvua kabla ya mawingu? Na ile migomba ya nyuma ya nyumba iliyoangushwa na upepo, mmeiegemeza au mmeiacha? Mimi ni mzima, na mjukuu wako Tumpe ni mzima pia. Ametoa meno mawili ya juu na anamng'ata kila anayempakata. Herufi hizi ni za mkono wangu mwenyewe. Kule tulikotoka nilikuwa nasoma kisomo cha watu wazima, na tulipohamishwa nilikuwa nimefika kitabu cha tatu. Kwa hiyo kaka Anyosisye, wewe unayemsomea mama, usicheke mwandiko. Soma polepole, wala usiruke mahali hata ukiona aibu.

Mama, najua mmesikia kwamba tumehamishwa. Nadhani mmesikia na mengine juu yangu, maana maneno ya huku hupanda basi kabla ya watu. Sijui mmeambiwa lipi. Kuna wanaosema nilimwokoa baba mkwe wangu kwenye moto, na kuna wanaosema nilitaka aungue. Nikiwasikiliza wote naona kila mmoja ameshika kipande cha kweli, na ndiyo maana kichwa kinanizunguka hadi leo. Acha nikueleze ilivyokuwa. Wewe ndiye uliyenifundisha, labda utaona nilipokosea.

Unakumbuka zile siku kabla sijaolewa, ulivyonikalisha jikoni ukanifunza kumwepuka baba mkwe. Ulisema nisimtazame usoni, nisiingie nyumbani mwake, nisilitaje jina lake, nisiseme naye wala kumsema mbele za watu, na nikikutana naye njiani niingie majanini nijifunike. Ulisema mkamwana asiyeshika hayo huleta maradhi katika nyumba. Nimeyashika yote. Kwa miaka minne nimeishi umbali wa kurusha jiwe kutoka mlangoni kwake na sikuwahi kuuona uso wake. Nilimjua kwa nyayo, kwa sababu mguu wake wa kulia una kidole kilichopinda, na nilimjua kwa kikohozi. Naye alikuwa mtu wa kushika mila. Hakupita upande wangu bila kukohoa mara mbili ili nipate nafasi ya kujificha. Tangu mama mkwe afariki mwaka jana, chakula chake nilikiweka kwenye kigoda nje ya mlango, napiga makofi, nakimbilia nyuma ya kihenge cha mpunga. Nikisikia kigoda kinasogezwa, najua anakula. Tuliishi vizuri sana, mama. Ni vigumu kugombana na mtu usiyemwona.

Kiangazi kilipopamba moto tuliitwa mkutanoni, tukaambiwa kila mtu ahamie kijiji kipya kando ya barabara kuu. Huko kutakuwa na shule, bomba na zahanati. Nilipiga makofi kama wengine, tena kwa nguvu, maana kiangazi cha Usangu maji unayafuata nusu ya siku. Sikuelewa kwamba nyumba tunazoziacha hazitabaki zimesimama. Mume wangu Ambakisye yuko kazini kwenye reli, kambi yao iko upande wa Tunduma. Nilimpelekea neno kwa msafiri, jibu halikuja. Baba mkwe alimwambia jirani yetu kwamba yeye hatainuka pale mpaka mwanawe afike, kwa kuwa kaburi la mkewe halihamishwi kwa lori. Wiki ile ile homa ikamkamata. Chakula nilikuwa nakikuta kigodani kimeguswa kidogo tu.

Lori lilifika saa nne asubuhi. Vijana waliokuja nalo wengi wao ni wadogo kwangu, wamechoka, macho mekundu kwa moshi wa mahali walikotoka kwanza. Mama, watu wananiuliza kama nawachukia na sijui niseme nini. Mmoja alinibebea jiwe la kusagia mpaka kwenye lori. Mwingine alimshika Tumpe wakati nawafunga kuku miguu, akang'atwa, akacheka. Halafu hao hao wakawasha nyasi za paa langu, kwa sababu wameagizwa kwamba nyumba ikibaki watu watarudi. Nilisimama naangalia nyumba yangu inaungua, na unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza kama nimeutoa mwiko wa kupikia.

Kisha yule aliyebeba jiwe langu akageukia nyumba ya pili. Akaniuliza, "Mama, nyumba ile kuna mtu?"

Neno moja tu lingetosha. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Lakini nilikuwa uwanjani kweupe, mlango wa baba mkwe uko mbele yangu, na wanaume wageni wamesimama wananitazama. Mwili wangu ulifanya ulichoufundisha. Nilivuta kanga juu ya kichwa, nikainama, nikaangalia chini. Moyoni nilisema, atakohoa. Miaka minne hajawahi kuacha kukohoa. Nikawa nakisubiri kikohozi chake kinijibie.

"Kuna mtu au hakuna?" aliuliza mara ya pili, tena kwa upole.

Kikohozi hakikuja. Nikajiambia labda amekwenda kaburini. Yule kijana alingoja, mama, kweli alingoja, hilo nitalishuhudia popote. Mwishowe akawaambia wenzake nyumba ni tupu, wakaiwasha.

Paa lilipokuwa limeshika ndipo nikasikia mtu anakohoa mle ndani. Hazikuwa zile mara mbili za heshima. Ilikuwa kukohoa kwa mtu aliyepaliwa na moshi.

Kuingia sikukumbuki. Nakumbuka nilivyomwinua nikashangaa wepesi wake. Nilimfunika kanga yangu, nikamtia mgongoni kama ninavyombeba Tumpe, nikatoka naye. Mlangoni nyasi za moto ziliniangukia mkono kutoka kiwiko mpaka kiganjani. Usiogope, kidonda kinakauka. Nilipomlaza chini nikauona uso wake kwa mara ya kwanza. Ni uso wa mzee tu, mama. Ana kovu juu ya nyusi na anafanana na Ambakisye akiwa amechoka. Sijui nilitegemea kuona nini.

Yule kijana aliyeniuliza alikaa chini akajishika kichwa. Msimamizi wao alinijia juu, akasema, "Kwa nini hukusema? Si una mdomo?" Nikanyamaza tena, kwa sababu mzee alikuwa pale pale anasikia. Watu husema mdomo huponza kichwa. Wangu umeniponza kwa kufungwa.

Ndani ya lori tulikuwa tumebanwa, mimi na yeye goti kwa goti. Kanga yangu alikuwa amefunikwa yeye, imejaa matundu ya moto, nami sikuwa na kitu cha kujistiri. Ndipo akainua mikono yake miwili akajifunika uso mwenyewe, ili nisimwone. Alikaa hivyo njia nzima bila kujishikilia, kila shimo anajigonga ubavuni mwa lori, na mikono hakuishusha mpaka tulipofika barabarani. Nilimwonea huruma kuliko nilipomwona kwenye moto.

Huku tumepangwa kwa mistari. Bomba bado, na zahanati kwa sasa ni nguzo nne. Labda vitakuja, sisemi havitakuja. Tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya kugawiwa, na Tumpe anautema. Kwa kuwa mwenye nyumba hayupo, waliotuandika walituandika kaya moja, kibanda kimoja cha nyasi, mlango mmoja. Nimetundika mkeka katikati. Mto Mbarali ndiko tunakoteka maji, na wanawake wa kwetu wakiniona wanavuta ndoo zao pembeni. Mmoja alisema maradhi niliyoyaita yataanza na watoto. Mwingine alininong'oneza kwamba hata yeye angembeba. Jirani yangu Msukuma ananiambia kila siku kwamba haelewi kesi iko wapi. Nikianza kumweleza, na mimi katikati ya maneno naacha kuelewa.

Lakini kesi ipo. Ambakisye amepata habari na amesema atakuja mwezi ukiandama. Wazee wa ukoo watakaa waamue kama nibaki au nirudishwe kwako. Nikirudishwa, unajua mila, Tumpe atabaki upande wao. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wanaotaka nifukuzwe wengine wanauliza kwa nini nilimgusa, wengine wanauliza kwa nini nilinyamaza, na mtu mmoja hawezi kukosa yote mawili. Au anaweza? Niambie, mama.

Sasa lipo jambo ambalo hakuna anayelijua isipokuwa wewe na kaka anayelisoma. Juma lililopita, asubuhi, nilikuwa napepeta unga, nikasikia sauti nyuma ya mkeka. Alisema kwa Kinyakyusa, naandika kwa Kiswahili kwa sababu kisomoni ndicho walichotufundisha kuandika.

"Mwanangu," alisema, "siku ile nilikuwa macho. Nilisikia unaulizwa. Nilisikia na pumzi zako karibu na mlango. Nikasema nikikohoa itabidi nitoke, na nikitoka nitakukuta mbele ya wageni, huna pa kukimbilia. Nikangoja uondoke kwanza."

Ungo uliniponyoka. Kumbe tulikuwa wawili tunaheshimiana huku nyumba inaungua. Nililia, nikacheka, nikalia tena.  Yeye alikohoa mara mbili kama mtu anayetaka kupita, ingawa hakuwa anakwenda popote.

Mama, mimi sijui kama mila ilitaka kutuua au ndiyo iliyonipa nguvu ya kumbeba. Sijui kama wale vijana wamekosa au wametumwa tu. Ninalolijua ni hili. Siku ya kikao yeye atakaa mbele na wazee, nami nitakaa nyuma nimejifunika. Nikiulizwa sitaweza kusema akiwa pale, naye akiulizwa hatanisema nikiwa pale. Tutanyamaza tena wote wawili, na kimya kile kile kitanihukumu. Kwa hiyo nakuomba umruhusu Anyosisye aje na barua hii, aisome mbele ya wazee, awageuzie kwa Kinyakyusa wapate kusikia vizuri. Ukiona nimekosa, usimtume. Nisipomwona, nitajua umejibu nini, na sitakulaumu.

Barua nampa mama mmoja anayepeleka mchele soko la Mwanjelwa, yeye ataikabidhi kwa watu wa basi la Tukuyu. Nisalimie mama mdogo, mwambie kitenge alichonipa hakikuungua. Nisalimie wifi yangu, mke wa kaka, na huo ujauzito wake. Nisalimie shangazi aliyenisuka nilipoolewa, na yule babu mwinjilisti, aniombee bila kuuliza sana. Goti lisugue kwa mafuta ya nyonyo.

Ni mimi mwanao, ninayekuwaza kila nikipiga makofi mlangoni kwa mtu,

Atupele

Kaka, mama akikuruhusu, nina ombi moja. Ukifika pale kijana aliponiuliza kama nyumba ile kuna mtu, usiendelee kusoma. Kaa kimya mpaka waanze kutazamana. Mimi nitakuwa nyuma nimejifunika, na yeye atakuwa mbele. Labda safari hii atakohoa.