Mwalimu Daudi na Shimo la Kabondo

Kisangani, Makiso
tarehe 20 Agosti 2000

Mpendwa Tonton Apollinaire,

Jambo sana, mjomba wangu, wewe na Maman Annette. Mu wazima huko Butembo? Mgongo wako unaendeleaje? Na Élie, kile kikohozi kimemwacha? Sisi tuko, kwa neema ya Mungu. Papa amefungua tena duka, ingawa ukuta wa nyuma bado una tundu na mizigo kutoka kwenu haifiki. Mama anapika sombe, majani ya muhogo, karibu kila siku, wala hakuna anayelalamika. Barua hii nampa padri mmoja anayepanda ndege kesho.

Uliniuliza kwa nini mtu asomee udaktari halafu aende kukaa na wagonjwa wa kichwa. Sikuchagua, Tonton. Kila mwanafunzi wa mwaka wetu anapitia stage hiyo, mafunzo ya vitendo, hospitalini. Niliingia nikiogopa kupigwa. Sasa hata nikiwa nachambua maharagwe najikuta nawaza: yule mama mgonjwa aliyeimba asubuhi wodini, alikuwa anamwimbia nani?

Mwalimu wetu, docteur Clovis, ni mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alituambia tuweke kalamu mfukoni, tukae chini, tuulize, kisha tungojee jibu. Kuuliza naweza. Kungojea, unanijua.

Nataka nikueleze habari za mgonjwa wangu wa kwanza. Anaitwa Daudi, mwalimu wa géographie katika shule moja ya Kabondo. Mke wake, Mama Aïcha, alimleta mwezi wa tano, baada ya yale majeshi mawili ya wageni kupigana hapa mjini kwa mara ya pili. Watu walikuwa wameambiwa kwamba sasa ni amani. Lakini bwana huyu alikuwa halali tena, na mchana kutwa anachimba shimo uwanjani mwake. Alilifunika kwa magogo na udongo. Majirani walikuwa wakija kumcheka.

Nilimuuliza alijuaje kwamba vita itarudi.

“Dada, askari wa pande zote mbili wako wapi?” alinijibu kwa upole. “Wako bado hapa, wanaangaliana. Mutu mwenye kutafuta amani anabakia mbele ya mulango na bunduki?”

“Na usingizi, mwalimu?”

“Redio ya jirani inaniita jina langu.”

“Hata ikizimwa?”

“Ikizimwa ndiyo inaniita zaidi.”

Wenzangu walisema shimo na redio ni wazimu uleule. Docteur Clovis akatikisa kichwa. “Musiulize tu kama jambo iko kweli,” alisema. “Muulize mutu amelijua namna gani.” Akampa mwalimu vidonge vya kumeza nyumbani kwa ajili ya ile redio, kisha akamwambia Mama Aïcha aliache shimo lilivyo.

Bon, mwezi wa sita unajua kilichotokea. Majeshi yale yalipigana mara ya tatu. Mabomu yalipoanza kuanguka, Mama Aïcha aliingiza watoto shimoni, na wale majirani waliokuwa wakicheka wakaruka ndani nyuma yao. Nyumba ya upande wa pili ilibomoka. Humo shimoni hakufa mtu hata mmoja.

Ungefikiri habari inaishia hapo kwa furaha. Mimi pia nilifikiri hivyo. Lakini watu walianza kuja kwake na kuku, na ndizi, wakimuuliza vita ya nne itakuja lini. Walimwita nabii. Na nabii anameza vidonge vya nini? Alivitupa. Redio ikarudi, na safari hii ilimpa siku kamili. Alimwambia jirani yake Léon akimbie kabla ya Ijumaa. Léon akapakia familia katika pirogue, mtumbwi wa mtoni, kwenda Isangi. Mvua iliwapiga njia nzima. Ijumaa ilipita kimya, na Léon alirudi amembeba binti yake mdogo aliyekuwa anatetemeka kwa homa, hajui hata jina la mama yake.

Mtoto alilazwa kwetu, akapona. Lakini mwalimu aliposikia alijifungia ndani, akakataa kula. Mama Aïcha alikuja hospitalini analia: “Docteur, watu wamefurika kwangu, wanataka nabii. Mimi nataka bwana yangu.”

Docteur Clovis alinituma nyumbani kwao na toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu. Nilimkuta Mama Aïcha amefunga lango, anawarudisha watu na kuku wao. Mwalimu alikuwa ametoka hadi barazani, amekonda.

“Wewe umesoma,” aliniambia. “Niambie. Mimi iko nabii, ao mimi iko mwendawazimu?”

Niliogopa sana, Tonton. Hakuna aliyenifundisha jibu la swali hilo. Nilimwambia nilichoamini: shimo alilichimba kwa macho yake na akili yake, na nimewaona watoto walio hai kwa sababu hiyo. Habari ya Ijumaa aliambiwa na redio iliyozimwa. “Hiyo ya pili ni ugonjwa, mwalimu, na dawa yake nimekuja nayo.”

Aliviangalia vidonge mkononi mwangu. Nilingojea. Mwishowe alinyoosha mkono, akameza vidonge kwa maji ya mke wake.

Nimekwenda kwake mara nyingi tangu siku ile. Juzi nilimuuliza jambo linalonisumbua: sauti ile ya redio ilikuwa ya mtu anayemjua? Alifungua mdomo kama anayetafuta neno, kichwa kikainama pole pole, na nikasikia anakoroma, yule mtu asiyelala. Mama Aïcha alitoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi, akaziba mdomo wake ili asipige kelele ya furaha. Nilikaa pale bila kusogeza hata mguu. Jibu sikulipata.

Wewe unaonaje, Tonton? Huko kwenu mtu wa namna hii mngempeleka wapi?

Nisalimie Maman Annette, Élie, na shangazi Générose. Mwambie kitenge chake bado nakivaa Jumapili. Papa na Mama wanakukumbatia. Mungu awafunike ninyi nyote, na barabara zifunguke tuonane.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda na kukukumbuka,

Kanyere