Mkalimani wa Filamu za Kihindi

Jumanne, baada ya Magharibi

Na leo pia sikulia. Wiki ya tatu tangu tumzike baba, nami naendelea kuchekesha watu redioni.

Kipindi kilikuwa cha kuadhimisha kufunguliwa kwa ukumbi wa kwanza wa video hapa mtaani Iftin, zamani zile. Nilitania jenereta iliyozimika kila ngumi za filamu zilipoanza. Kisha mzee mmoja akapiga simu kutoka Habaswein.

"Binti yangu, umemsahau mkalimani! Alisimama kando ya televisheni akitufasiria Kihindi kwa Kisomali. Kumbe hakujua hata neno moja! Filamu ile ile, Ijumaa shujaa analilia ngamia walioibiwa, Jumamosi analilia mahari."

"Alikuwa nani, mzee?"

"Dubow, fundi wa redio."

Dubow ni baba yangu. Nikasema asante, nikaweka tangazo la sabuni. Kilichoniudhi ni kwamba mtu baki alilijua hilo, mimi sikulijua.

Nyumbani nikamuuliza mama.

"Wallahi ni kweli. Siku moja shujaa aliimba, baba yako akafasiri: 'Anasema anataka kumposa yule msichana wa nyuma, mwenye shela ya kijani.' Ukumbi mzima ukageuka kunitazama."

Akacheka mpaka akajifunika uso, na ndani ya shela kicheko kikageuka kilio. Nikamshika mkono. Mimi machozi hayakuja, sijui yamekwama wapi.

Alipotulia, nikamwomba anisimulie tena, polepole.