Sauti Yangu Kutoka Jikoni

Mtaa wa Hemlock 41,
Thunder Bay, Ontario.
11 Februari 2023

Mpendwa binti yangu Kaisa,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. Natumai hujambo, na mkeo Dominique hajambo, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa Krismasi kimekuacha. Nasikia huko Halifax mvua haikomi hata kukiwa na baridi. Huku theluji imefika dirishani, na kutoka nje ni mpaka mtu achimbe njia. Mimi mwili mzima, kasoro macho. Usiucheke mwandiko wangu, naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi ili angalau nione ninachosema. Jumamosi iliyopita nilioka ule mkate wa iliki, nikaukata na kuweka sahani mbili mezani. Mkono haujazoea bado.

Uliniuliza, kama msikilizaji, naonaje vitabu vya kusikiliza na podikasti zinazohusu watu kama sisi, wanawake wapendao wanawake na wanaume wapendao wanaume. Umemuuliza anayestahili, maana tangu macho yaanze kufifia nimesikiliza vingi kuliko nilivyopata kusoma. Na tangu Noreen wangu afariki Oktoba, nyumba imekuwa kimya mno, kwa hiyo naviacha vinisomee hata ninapoosha vyombo.

Nianze na vifo. Kwa nini lazima mmoja afe? Wanawake wawili wakishapendana kwenye sura ya tatu, mimi naanza kumtafutia mmoja wao jeneza. Atazama ziwani, au ataugua, au ataolewa na mwanamume, ambako kwa waandishi hao ni kufa vilevile. Siku hizi nikisikia mmoja anakohoa, nazima. Kifo nimekiona chumbani kwangu, sina haja ya kununua kingine.

Halafu wasomaji. Yuko binti mmoja mwenye sauti nzuri ajabu, lakini akifika zamu ya mwanamke mzee anaitetemesha kama mbuzi. Nina miaka sabini na sita na sauti yangu haitetemeki ila nikikasirika. Mwingine akifika mahali pa mapenzi ananong'ona upesi upesi, utadhani mama mkwe yuko chumba cha pili.

Lucien Pelletier unamkumbuka, yule rafiki yetu aliyefanya kazi kwenye maghala ya ngano bandarini. Huja kila Alhamisi na maandazi yale yenye sukari ya pinki juu, tukasikiliza pamoja. Yeye hana subira hata chembe. Wiki iliyopita alisema, "Aili, hebu mzime huyo, anasoma kama anahesabu viazi." Nikamwambia, "Nyamaza wewe, wenzako wanabusiana." Akasema, "Wanabusiana? Mimi nilidhani wako kwenye foleni ya benki!"

Podikasti nazo, nyingi ni vijana wawili wanaochekeana wenyewe, kisha tangazo la magodoro, kisha wanachekeana tena. Siwalaumu, sisi ujana wetu haukuruhusiwa kicheko cha wazi namna hiyo. Ila wageni wao wote huulizwa swali lile lile: wazazi uliwaambia lini? Kana kwamba maisha yetu yalikwisha siku hiyo. Hakuna anayeuliza nani alikuwa akizibua sinki, wala mlizikana vipi. Ninayoipenda kwa dhati ni moja, ya mzee wa Manitoba anayesimulia nyuki aliowafuga na marehemu mumewe. Husimama katikati ya maneno akitafuta jina la mtu, nasi tunamsubiri mpaka alipate. Hakuna aliyempunguzia ukimya wake.

Sasa nifike kwenye kipindi chako mwenyewe, kile ulichomrekodi Noreen hapa nyumbani mwezi wa Mei, ambacho unataka ruhusa yangu ukirushe hewani mwezi ujao. Tulikisikiliza Alhamisi, mimi na Lucien. Umefanya kazi safi. Mashine yake ya oksijeni haisikiki kabisa, wala kikohozi, wala saa ya ukutani. Sauti yake inakuja kana kwamba amekaa kwenye kiti chake. Nililia, na Lucien alilia akasingizia mafua.

Kilipokwisha akaniuliza, "Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi? Ulikwenda dukani?"

"Nilikuwa jikoni," nikamwambia. "Nilikuwa nikipiga kelele muda wote."

"Mbona husikiki?"

Tukakirudia tangu mwanzo, nikatega sikio. Kweli simo. Noreen anasimulia siku tuliyojuana, gari lake lilipokwama kwenye theluji mbele ya duka la mikate nilikofanya kazi. Anasema ilikuwa Machi. Wewe ulikuwepo, ulinisikia nikiropoka kutoka jikoni, "Novemba! Na beleshi lilikuwa langu!" Naye akacheka mpaka pumzi ikamwishia, ukamshikia glasi ya maji. Kicheko kile hakimo. Kwenye kipindi chako ni Machi, na gari linajikwamua lenyewe.

Najua hukufanya kwa ubaya. Nilikuwa mbali na kinasa sauti, na katika kazi yenu sauti ya mbali ni uchafu wa kusafishwa. Lakini nisikilize, mwanangu. Noreen alikaa kiwanda cha karatasi karibu miaka thelathini. Kila Jumatatu wenzake waliposimuliana mapumziko yao, naye alisimulia: nilikwenda ziwani, nilivua samaki, nilichoma soseji. Mimi niliyekuwa nikipiga makasia simo. Tulikubaliana hivyo kwa sababu wangemfukuza, na sikumlaumu hata siku moja. Alikuwa hodari wa kunitoa kwenye hadithi bila pengo kuonekana. Sikutegemea kutolewa tena, na wewe, kwenye hadithi ya mapenzi yetu. Imeniuma, Kaisa. Imeniuma sana.

Na hilo silo lililonikalisha hapa na kalamu. Lipo jingine.

Noreen hakuwahi kuniita jina la mapenzi mbele ya mtu. Mbele za watu nilikuwa Harju, jina langu la ukoo, kama wanavyoitana kiwandani. Hata mbele ya Lucien, ambaye amelala kwenye kochi letu mara nyingi kuliko mbwa. Hata hospitalini, wauguzi wote wakijua mimi ni nani kwake. Sheria zilibadilika, tukaoana, na bado nilikuwa Harju. Woga ukishakaa mwilini muda mrefu, hauondoki kwa kuambiwa.

Siku ile, ulipokuwa umeanza kukusanya nyaya zako na kinasa sauti bado kinafanya kazi, niliita, "Noreen, kahawa inapoa!" Naye, wewe ukiwa mbele yake, akajibu, "Nakuja, mpenzi wangu."

Labda hukusikia, ulikuwa umeinama. Mimi nilisimama na birika mkononi, sikugeuka, nikiogopa kumtia haya. Akaja, akanywa kahawa yake, akasema ni chungu. Hatukulizungumza, si siku hiyo wala baadaye.

Lucien anasema mafundi wa sauti hawatupi rekodi ya kwanza. Nijibu hilo kabla ya jambo lolote. Ipo? Kama ipo, nirudishie jiko langu, na Novemba yangu, na beleshi langu, na kikohozi chake pia, kwani ndicho nilicholala nacho. Ukiona kipindi kimekuwa kirefu, kata pengine, kata hata ile sehemu anaponisifu. Ruhusa nitakupa nikishalisikia neno lile. Na kama umekwisha kuifuta, niambie ukweli, usinipake mafuta. Nitalia, kisha nitakusamehe, maana wewe ni mwanangu. Mimi nililisikia siku ile na litanitosha. Lakini yeye hakulisema ili nilisikie mimi peke yangu. Chumbani alikuwa akilisema kila siku.

Msalimie sana kaka yangu Reino, mwambie magoti yangu yanayasalimu ya kwake. Msalimie wifi yangu Sylvi, na Dominique umkumbatie kwa niaba yangu. Lucien anakusalimu, anasema huna kosa, ila ukija umletee kamba wa huko kwenu. Mungu akuwekee uwapendao karibu, na akupe ujasiri wa kuwaita majina yao mapema.

Wako akupendaye,
Shangazi Aili,
aliyekuwa jikoni.