Vichupa vya Penisilini

Jumatatu, 2 Julai 1973
Siku ya tatu hospitalini. Uji asubuhi, uji mchana. Kifua kinabana, pua inamwagika, viungo vyote kama nimetwangwa kinuni. Mafua yameingia kijiji kizima. Wanaume sita wodini, tunakohoa kama mbuzi. Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye kisomo cha watu wazima walisema wazee hatutaweza. Mimi nikaweza kabla ya vijana. Baba yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, hakuugua hata siku moja. Mimi nimelazwa na mafua. Aibu. Mke wangu Nyamizi analala chini kando ya kitanda changu. Ananikanda mgongo.

Jumanne, 3 Julai
Daktari Mwinshehe hataki kunidunga. Anasema mafua hayasikii penisilini. Nilale, ninywe maji, yatakwisha yenyewe. Penisilini ni ya kichomi na vidonda vibaya. Tena kasha ni moja tu, jingine litakuja na gari moshi mwisho wa mwezi. Ananiona mtoto. Kasahau kwamba yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani tangu misafara ya wazee wetu. Mtani hamnyimi mtani. Nikaingia ofisini kwake, nikakaa kwenye kiti chake.
"Mla nazi we, kiti hiki changu mpaka unidunge."
"Ondoka, mbeba mizigo, utanivunjia kiti cha serikali."
"Unaninyima? Jamani, njooni muone, Mzaramo ananinyima!"
Wagonjwa wakajaa mlangoni. Kelele. Daktari alicheka mpaka akashika kiuno. Akanidunga. Nimeshinda.

Alhamisi, 5 Julai
Wenzangu watano walinituma niwasemee. Nani mwingine angeweza? Wote wanadungwa sasa. Leo daktari hakucheka. Alisema, "Mtani, unanimalizia dawa." Nikamwambia akachume nyingine kwao, kwenye minazi. Wodi nzima ilicheka. Vichupa vitupu naviomba mimi. Ninavyo kumi na viwili. Kimoja nimempa Nyamizi atie ugoro wake. Kafurahi kama bibi harusi.

Jumapili, 8 Julai
Nimepona. Niko nyumbani. Vichupa nimevipanga dirishani, kila apitaye avione. Nimewaambia watu wote ni sindano zile. Jirani yangu Shabani aliugua siku moja na mimi. Hakwenda hospitali, alilala kwake na uji wake. Naye kapona. Siku ileile. Hilo sikulitangaza.

Jumanne, 10 Julai
Nyamizi anakohoa. Mafua yangu hayo. Nimemwambia ajikaze.

Ijumaa, 13 Julai
Jana homa ilishuka, akachambua hata tumbaku kidogo. Leo imepanda tena, mbaya. Anashika ubavu. Makohozi yana rangi ya kutu. Tumempeleka kwa mkokoteni wa kijiji, ng'ombe wawili, mimi nikitembea mbele. Daktari alimsikiliza kifuani. Muda mrefu. Akasema kichomi. Akafungua kabati, akanishika mkono nikaone mwenyewe. Kasha tupu.
Kiti chake kilikuwa wazi. Sikukaa.
Amempa vidonge alivyonavyo. Amemtuma mtu Urambo kwa baiskeli akatafute dawa.

Jumamosi, 14 Julai
Mtu wa baiskeli hajarudi. Nyamizi anapumua kama amekimbia. Nilikwenda nyumbani mbio, uzee huu, nikavikusanya vichupa vya dirishani. Kumi na kimoja. Nikavipeleka kwa daktari. Nilidhani huenda kila kimoja kimebaki na tone. Alivitazama kwenye mwanga, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Vikavu. Akanirudishia.
Mimi ndiye niliyevimaliza. Hakusema yeye. Nasema mimi.

Jumapili, 15 Julai
Nyamizi amefariki alfajiri. Baiskeli imefika saa nne, dawa ipo mfukoni.

Jumatatu, 16 Julai
Tumezika. Daktari alikuja. Kwetu mtani ndiye anayekatiza kilio. Huingia kaburini akalala, hudai chake, hutukana wafiwa mpaka wacheke. Watu walimngoja. Shabani akanong'ona, "Mzaramo leo kameza ulimi?" Daktari alichukua jembe. Akafukia pamoja nasi. Akalirudisha jembe kwa mikono miwili. Akaenda zake.
Nilitaka anitukane. Angesema mbele ya watu wote, mbeba mizigo umemuua mkeo kwa kiburi. Ningecheka. Ningelia. Kimya chake sijui nikiweke wapi.

Jumapili, 22 Julai
Sina la kuandika. Nimepika ugali, umeungua.

Jumanne, 31 Julai
Kasha jipya limefika kwa gari moshi. Kijana wa duka la ushirika amekuja na mafua yake, anataka nikamsemee kwa mtani wangu. Nikamwambia alale, anywe uji. Akikohoa na ubavu ukamchoma, hapo aende mbio. Akasema, "Mzee umekuwa mchoyo siku hizi." Sawa.
Vile vichupa kumi na kimoja sikuvirudisha dirishani. Kile chake nilikikuta chini ya mto, ugoro umefika nusu. Nimekifungua. Nikapiga chafya mara tatu. Alikuwa akinicheka sana nikipiga chafya.
Nimekifunga. Nimekirudisha chini ya mto, upande wake.