Shairi la Mvua la Mzee Shomari

Temeke, Ijumaa usiku

Leo nimeimba shairi nililolitukana, tena nimeliimba vizuri.

Mzee Shomari, aliyenifundisha utunzi, hainuki tena kitandani. Akaniambia, "Nasikia siku hizi unatunga bila vina. Niimbie moja."

Nikajaribu. Sauti ikanikatikia mstari wa pili.

Akacheka mpaka akakohoa. "Haliimbiki hilo, mwanangu. Hiyo hukumu ya korti."

Mkewe, Bi Tatu, akasema, "Basi mwimbie lile lake la mvua."

Nikaimba beti zote. Mzee kafumba macho, kila kina anakimalizia yeye kwa midomo tu. Kisha akauliza, "Bado linafaa?"

"Linafaa, mwalimu."

Mungu anisamehe. Juzi nilimpelekea Mzungu wa gazeti makala yangu, na humo shairi hilohilo la mvua nimeliita maiti. Nimetoka pale mbio kwenda kuichukua, nikaambiwa imeshapigwa chapa, gazeti linatoka kesho.

Na wakati naaga, Bi Tatu alinishika mkono. "Macho yangu hayaoni tena. Njoo kesho umsomee gazeti."

Nimekubali. Ningeweza kuuruka ule ukurasa wenye makala yangu, lakini mzee huanzia hapohapo, kwenye mashairi.