Protini Iliyojitokeza Mara Mbili

Kwako Yeyo, mama yangu,

Nakusalimu, takwenya. Ningekuwa hapo Kisaju ningekuinamishia kichwa ukiguse, lakini niko huku Uskoti, basi nipokee kwa karatasi. Goti limepoa? Mvua imefika huko kwa malisho ama imeishia Kitengela? Mimi niko mzima, ni baridi tu.

Yeyo, habari hii sikutaka kukupa kwa simu, maana ungesikia nikilia ufikirie ni mbaya. Unajua hapa maabara tunatafuta dalili ya saratani ya umio, ile iliyomchukua Baba, kitu inachoacha kwa damu kabla mtu hajashindwa kumeza. Tuko na mashine inayopima protini nyingi sana kwa tone moja. Kwa miaka miwili ilinionyesha kitu leo, nikirudia kesho kinapotea. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi.

Halafu protini moja ikajitokeza kwa karibu wagonjwa wote. Nilimkimbilia mkubwa wangu, mama mmoja mkali. Hakutabasamu. Akasema, "Nitakupa damu nyingine, majina nimeficha. Uniambie nani mgonjwa."

Nilipima wiki tatu. Siku ya majibu nilikaa kando yake, akasoma moja baada ya jingine. Nilikuwa nimekosea chache tu. Na kuna wagonjwa niliowatambua ambao walipotolewa damu walikuwa bado wanakula vizuri. Akavua miwani: "Sasa tuendelee mbele."

Nilitoka nje nikasimama kwa mvua. Nilimkumbuka Baba akisukuma sahani kando, akisema ameshiba, na sisi tukimwamini.

Bado si kipimo cha hospitali, kazi ingali kubwa. Lakini inaonekana protini hiyo ndiyo husaidia uvimbe kukua, kwa hivyo wenzangu wameanza kutafuta dawa ya kuizuia. Na sasa tunahitaji damu ya watu wa huko kwetu Kajiado, wagonjwa na wazima. Nimetumwa mimi kuikusanya. Nakuja Agosti, Yeyo, na wa kwanza kwa orodha ya wazima ni wewe.

Nisalimie kaka yangu na mke wake, na shangazi wa Rombo. Baba Mdogo umesema siku hizi anakunywa uji tu. Asingoje kipimo changu. Apelekwe hospitali wiki hii, wamwangalie umio kwa kamera. Akikataa, mpe simu niongee naye.

Binti yako,
Naserian